Panya wa Oktoba hukamatwa Juni: shajara ya mradi wa kuzuia visumbufu kijijini

9 Juni 2023

Daftari limefunguliwa leo. Tuko sita, na kalamu nimepewa mimi, mwashi. Kijiji chetu kiko wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, ukingoni mwa tambarare ya Mkata. Waliokubali kuingia kwenye mradi ni kaya 38 za vitongoji viwili, maduka mawili, mashine moja ya kusaga, nyumba ya kulala wageni yenye vyumba saba, na ghala la chama cha msingi ambamo ufuta na mbaazi husubiri mnada. Kaya italipa debe moja la mahindi kwa mwaka, baada ya mavuno. Biashara zitalipa shilingi 10,000 kwa mwezi.

Kilichonisukuma ni ghala la mama. Mwaka 2021 alivuna magunia saba. Tulipoyafungua Novemba, manne yalikuwa yamegeuka vumbi, na la tano lilinuka mkojo wa panya hata hatukuthubutu kulisaga. Mama hakulia. Alichukua ungo, akakaa mlangoni kutwa nzima akipepeta, akitafuta punje zilizobaki. Mpaka siku ile nilikuwa nimewajengea watu nyumba nyingi bila kujiuliza hata mara moja panya anapitia wapi.

Huku kwetu dawa hutafutwa Oktoba, panya wanapokimbizana darini mchana kweupe. Wakati huo umeshachelewa. Panya wa Oktoba alizaliwa kuanzia masika hadi Julai na Agosti, mahindi yanakauka shambani na hakuna anayemwazia. Fukusi utakayemwona Desemba mara nyingi aliingia kwenye punje mahindi yakiwa bado kwenye bua. Tumekubaliana kufuata kalenda ya viumbe wenyewe.

24 Juni 2023

Nyumba 22 zimekaguliwa. Tunaingia wawili wawili, mmoja na tochi, mmoja na daftari. Chumba cha kulala cha mwenye nyumba anaingia mwanamke wa kikundi chetu, tena kwa ruhusa. Tunatafuta kinyesi kwanza: kipya ni cheusi, laini na kinang'aa, cha zamani ni kikavu, ukikigusa kinasagika. Kisha tunatafuta michirizi ya uchafu ukutani. Panya hapiti katikati ya chumba, anatambaa kandokando ya ukuta njia ileile kila usiku, na manyoya yake yanaacha alama ya mafuta.

Tumepima matundu kwa penseli. Tundu linalopitisha penseli linatosha panya mdogo wa nyumbani. Nilisikitika kuona kwamba katika nyumba za tofali za kuchoma, milango mikubwa ya panya tuliiacha sisi mafundi: yale matundu ya kushikia miti ya jukwaa, ambayo kazi ikiisha kila mtu huondoka bila kuyaziba. Kwenye nyumba za udongo wanapita chini, nguzo zinapooza, au juu, pale paa linapolala kwenye ukuta na kuacha mwanya.

Tunaziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na vipande vidogo vya chupa, na kwenye matundu mabaya zaidi tunashindilia kwanza waya wa kusugulia masufuria. Udongo peke yake panya anautafuna usiku mmoja. Akikuta waya anaacha.

Nyumba ya tatu ya kitongoji cha juu ni ya bibi anayelala kwenye mkeka chini. Sakafu ni ya udongo, ina nyufa za kuingia kidole. Tulichota vumbi la kwenye nyufa, tukalichekecha kwenye chujio juu ya karatasi nyeupe, papasi, wale kupe wa nyufani wanaonyonya damu, wakaanza kutembea. Alikuwa ameshaugua homa mara tatu mwaka huu, kila mara ikipoa na kurudi, na kila mara akidhani ni malaria. Homa ya papasi ndivyo ilivyo, huja kwa mawimbi. Papasi anaweza kukaa miaka bila kunyonya damu, kwa hiyo kuhama chumba hakusaidii. Tumemwomba mjukuu wake ampeleke zahanati aeleze habari ya papasi, ili damu yake iangaliwe kwa jicho hilo. Kesho kutwa naenda kuishindilia upya ile sakafu na kuisiriba, na fundi seremala wetu ameahidi kitanda cha kamba. Bibi alitaka kulipa kuku. Tumekataa.

15 Julai 2023

Wiki ya mahindi. Huu ndio moyo wa mradi, nitaandika kwa urefu.

Adui ni wawili na hawafanani. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga, anataga ndani ya punje, na mtoto wake hukua humohumo. Dumuzi ni mfupi, mnene, umbo la silinda, kichwa kimejificha chini ya kifua usikione ukimtazama kwa juu. Fukusi anakula, dumuzi anasaga. Ukiona unga mwingi chini ya gunia, huyo ni dumuzi. Si mdudu wa asili ya huku. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee wanaokumbuka walimwita Skania, kama lori, kwa nguvu zake.

Dumuzi anapenda mahindi yakiwa kwenye gunzi, kwa sababu punje iliyoshikiliwa haitikisiki anapoitoboa. Desturi yetu ya kutundika magunzi juu ya jiko inamfaa sana. Dawa ya unga nayo ikinyunyizwa kwenye magunzi haifiki katikati. Kwa hiyo amri ya kwanza: pukuchua. Ya pili: pepeta, ondoa punje zilizovunjika na vumbi. Ya tatu: kausha. Mahali pa kuhifadhia napo pana neno. Dumuzi hutoboa pia mbao na miti mikavu na kujificha humo kati ya msimu na msimu. Katika maghala tisa tumekuta miti ya uchaga imejaa matundu yanayomwaga unga wa mti. Tumeitoa yote, tumeichoma, tumeweka mipya. Ilikuwa vigumu kwa mzee mmoja kukubali, maana uchaga ule alijengewa na baba yake. Alituomba aondoe mti wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Ukavu tunaupima kwa chupa na chumvi. Chupa ya kioo iliyokauka, chumvi iliyoanikwa juani ikakauka kabisa, mahindi yajaze kama robo ya chupa, vijiko viwili vya chumvi. Funika, tikisa, acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ikiteleza, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Lakini kuhifadhi kwa usalama kunataka asilimia 13.5 au chini, kwa hiyo hata chupa ikikubali tunaongeza siku mbili za jua kwenye turubai.

Wanaotumia dawa ya unga tunawasisitiza ile yenye viambato viwili, pirimifosi-methili na pemethrini. Cha kwanza kinamweza fukusi na cha pili kinamweza dumuzi. Ukinunua yenye kimoja tu umemwacha mmoja. Kipimo ni kile cha lebo, na paketi lazima iwe na namba ya usajili. Inachanganywa kwa koleo juu ya turubai, nje, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Mama mmoja alikuwa akipima kwa kiganja, "kwa macho" kama alivyosema. Tumempa kijiko cha kipimo, nasi tumekaa naye hadi gunia la mwisho.

Kaya 14 zimechagua mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, kiroba nje. Haina dawa yoyote. Wadudu waliomo humaliza hewa wenyewe, wakaacha kula, wakafa. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, ila hutumika zaidi ya msimu mmoja ikitunzwa.

2 Agosti 2023

Kosa limetokea na ni letu. Kaya mbili tulizifungia mifuko ile siku ambayo mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Chupa ya chumvi ilikubali, siku mbili za jua hatukuzingoja kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Leo mwenye nyumba katuita: amefungua, harufu ya uvundo, na ukungu wa kijani pembeni. Mfuko usiopitisha hewa hautoi unyevu nje. Ukifunga maji, umefunga maji.

Mwenye nyumba aliuliza kama anaweza kuyaosha na kuyaanika. Nilimwambia hapana. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Haifai kwa mtu wala kwa kuku. Yote yamefukiwa, gunia moja na nusu kwa jumla. Kikundi kimelipa gunia moja na nusu kutoka kwenye madebe yetu. Kuanzia leo hakuna kufunga mfuko siku yenye mawingu, hata foleni iwe ya namna gani.

20 Septemba 2023

Maduka, mashine, ghala la chama.

Mashine ya kusaga ilikuwa na pumba za miaka chini ya injini, zimeshikana na mafuta. Tuliondoa madebe sita. Ndani tulikuta viota vitatu vya panya na fukusi wasiohesabika, na hao wote walikuwa wakirudi nyumbani kwa watu kwenye ndoo za unga na magunia matupu. Mwenye mashine sasa anafagia kila jioni na kupeleka pumba kwa wafugaji kabla giza halijaingia. Hakuna dawa tuliyoweka pale. Kwenye ghala la chama tumeinua magunia juu ya chaga za mbao na kuyatenga na ukuta hatua moja, ili mtu apite na tochi. Katibu alilalamika kwamba nafasi imepungua. Ni kweli imepungua.

Dukani, upande wa barabara, tumekuta jambo la kutisha. Mwenye duka alinunua mnadani vidonge vya kufukiza nafaka, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, havina lebo. Aliviweka kwenye magunia ya maharage, chumba kinachopakana na chumba wanacholala watoto wake, na ukuta kati yao haufiki kwenye paa. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi ya fosfini. Inaua fukusi, inaua na mtu, na haina dawa ya kuizima mwilini. Tuliwatoa watoto usiku uleule, tukafungua milango na madirisha yote, tukamwomba kila mtu akae mbali. Mtoto mdogo alikuwa amelalamika kichefuchefu jioni. Alipelekwa kituo cha afya, akalazwa, akaruhusiwa siku ya pili akiwa mzima. Naandika haya mikono ikiwa bado mizito. Vidonge hivyo ni vya mtu aliyefunzwa, kwenye ghala lililofungwa, lisilolaliwa na mtu. Tumepita kila nyumba ya mradi kuuliza kama vipo. Vilikuwepo katika nne.

28 Oktoba 2023

Leo tumeweka kopo la mvua. Ni kopo la maziwa ya unga, mdomo na kitako upana mmoja, limefungwa kwenye nguzo uwanjani kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbali na miti. Kila asubuhi saa moja rula inatumbukizwa, milimita zinaandikwa. Mjukuu wa mwenyekiti, yuko darasa la sita, ndiye mwenye kazi hiyo na anaichukulia kwa uzito.

Sababu ya kopo ni hii. Panya shamba wetu, yule wa kijivu-kahawia mwenye matiti mengi, amechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na walichokiona ni kwamba yeye hufuata mvua. Mwaka wa kawaida huanza kuzaa masika, Aprili hivi, mpaka Septemba. Mimba ni siku 23, na uzao mmoja huwa watoto kumi na zaidi. Wadogo waliozaliwa mwishoni hungoja mvua za mwaka unaofuata ndipo nao wazae. Lakini vuli ikiwa nzito, majani na mbegu vinawahi, wale wadogo wanapevuka mapema na kuanza kuzaa miezi kadhaa kabla ya wakati. Wajukuu wanakutana na bibi zao. Hapo ndipo mlipuko wa panya unapotoka. Mwenye kopo anaweza kuuona miezi mingi kabla haujafika.

Na mwaka huu Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza vuli ya juu ya wastani, yenye El Niño.

Mwezi huu pia tumepima panya kwa mara ya pili: mitego 30, usiku tatu. Juni tulipata 11. Oktoba 24.

14 Desemba 2023

Novemba kopo lilipokea milimita 171. Desemba, nusu tu ya mwezi, tayari 138. Tarehe 3 mlima uliporomoka kule Katesh, Hanang, tukakaa kimya tukisikiliza redio. Hapa kwetu daraja la miti limekwenda na maji. Babu mmoja anasema hajaona vuli ya namna hii tangu ile ya 1997.

Kumbikumbi wameruka mara tatu, watoto wameshiba. Lakini kumbikumbi wanaoota mabawa kandokando ya msingi wa nyumba wanakuambia mchwa wako chini yako. Nyumba mbili tumevunja njia za udongo za mchwa ukutani, tumekata nguzo zilizooza na kuzisimamisha mpya juu ya mawe badala ya kuzizika.

Nyumba ya kulala wageni: kunguni, vyumba vitatu. Kabla ya sikukuu wageni ni wengi na kila begi linaweza kuwaleta. Mwenye nyumba alikuwa amepuliza dawa mara nne. Kunguni wengi siku hizi wamezizoea dawa za jamii ya pairethroidi. Wanapulizwa, wanahama chumba. Tumefungua vitanda skrubu moja moja, tumemwagia maji yanayochemka kila kiungo, tumechemsha mashuka na vyandarua, tumeziba nyufa zote kwa saruji laini. Mayai huanguliwa ndani ya siku sita hadi kumi, kwa hiyo tunarudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya nyingine mbili.

17 Februari 2024

Mitego 30, usiku tatu: panya 13. Idadi hiyo peke yake isingenistua. Lakini majike walikuwa sita, na watano wana mimba. Februari! Tuliwapasua mbele ya kikao cha kitongoji, watu wakahesabu wenyewe vijusi tumboni: kumi na mmoja, tisa, kumi na watatu. Mwenyekiti alisimama akasema, "Basi wanangu, hawa wameshatutangulia."

Tumepanga kazi mbili. Kila kaya ifyeke majani hatua kumi kuzunguka nyumba na kuyaweka mafupi masika yote. Na kila ghala litakalojengwa mwaka huu liinuliwe mita moja toka ardhini, kila mguu uvikwe koni ya bati iliyoinamia chini. Ngazi iondolewe usiku. Ghala zuri likiachwa na ngazi imeegemea, koni zake zote ni bure; nimeona hivyo nyumba tatu.

Kuhusu sumu tumebishana muda mrefu. Baadhi walitaka zinki fosfaidi, ile sumu nyeusi inayotolewa panya wakizidi mashambani. Hoja yangu ilikuwa kuku, mbwa na watoto. Tena panya akiionja kidogo akaumwa bila kufa, haigusi tena, na wewe umebaki na panya mwenye akili. Tumekubaliana: ndani ya nyumba na uwanjani ni mitego ya kubana tu. Chambo ni dagaa wa kuchoma uliopakwa karanga zilizosagwa. Mtego unawekwa kuukabili ukuta, kichwa chenye chambo kikigusa ukuta, maana ndiyo njia yake.

21 Mei 2024

Masika imekuwa ndefu. Panya 29. Nyoka wameuawa wawili ndani ya nyumba, mmoja swila. Nyoka hufuata panya. Mbu tumeshughulika nao kidogo: makopo, matairi, vifuu vya nazi, na vyandarua vya kushona. Utitiri umeingia kwenye mabanda ya kuku ya kaya saba, tumechoma matandiko na kupaka chokaa.

Glovu tumezinunua kwa wote. Panya anaacha kwenye mkojo wake vijidudu vya homa ya mgunda, na kwenye tope la masika vinakaa. Julai 2022 homa hiyo iliua watu watatu Ruangwa, mkoani Lindi. Hakuna atakayeshika panya kwa mkono mtupu kwenye mradi huu. Mizoga inafukiwa shimo la magoti mawili.

6 Julai 2024

Mitego 30, usiku tatu: 41. Hatujawahi kuona. Usiku mwingine tulitegua na kutega upya mtego uleule mara tatu kabla ya saa sita. Nyumba ambazo hazimo kwenye mradi, watu wanasimulia watoto kutafunwa nyayo usingizini.

Kampeni imeanza juzi, na ugumu wake ni mmoja: lazima wote kwa pamoja. Ukisafisha nyumba yako peke yako, ndani ya wiki chache panya wa jirani wamehamia kwenye nafasi uliyoifungua. Tumegawa mitego 160. Kaya zote 38, maduka, mashine, ghala, mpaka wa mashamba na mapagale mawili, usiku kumi na mbili mfululizo, kengele ya shule ikigongwa saa kumi na mbili jioni kama ishara ya kutega. Wanawake wa kikundi chetu ndio waliowashawishi wale watatu waliokuwa wamegoma. Waliwapelekea mitego iliyokwishategwa, wakakaa nao usiku wa kwanza.

19 Julai 2024

Usiku kumi na mbili umekwisha. Panya 1,146, wamehesabiwa kila asubuhi mbele ya mashahidi.

Lazima niandike habari ya bundi. Yuko mmoja mweupe usoni kwenye pagale la zamani karibu na reli. Huku bundi ni uchuro; akilia juu ya paa, watu husema mtu atakufa. Vijana walikwenda na manati. Babu yule wa 1997 akawazuia mlangoni, akasema kwanza waangalie anakula nini. Sakafuni palikuwa na vitonge vya manyoya anavyotapika. Tuliokota kumi na viwili, tukavilowesha kwenye beseni shuleni, watoto wakavichambua kwa miiba ya mchongoma. Mafuvu 31 ya panya, na moja la ndege mdogo. Watoto waliyapanga mafuvu kwenye ubao kwa safu. Jioni ile kijana aliyekuwa na manati ndiye aliyetaka pagale lisibomolewe. Mimi mwenyewe nilikulia nikimtupia bundi mawe, na nimejutia kila jiwe.

24 Agosti 2024

Mitego 30, usiku tatu: 17. Mahindi yote ya mradi yamepukuchuliwa, yamekauka kwa jua la kweli, yamefungwa. Hakuna siku ya mawingu iliyovunja amri. Bibi wa kitongoji cha juu hajaugua homa tangu sakafu ibadilike, mwaka sasa na zaidi. Tumechekecha tena vumbi la nyufa ndogo zilizojitokeza: papasi wawili tu, upande wa jiko. Nimezisiriba.

27 Oktoba 2024

Panya 19. Siku zilezile tulitega mitego 30 kwenye kitongoji cha jirani, kwa ruhusa yao, mahali panapofanana: 52. Najua mashamba yao yana mapori mengi kuliko yetu na hesabu haiwi sawa kabisa, lakini watu wao walikuja kutazama mitego yetu asubuhi zote tatu.

Wanaopanda vuli bondeni wanajiandaa. Panya hufukua mbegu ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla mche haujashika, kwa hiyo mitego 60 imehamishiwa kingo za mashamba kuanzia wiki moja kabla ya kupanda.

16 Novemba 2024

Tumefungua ghala la mama. Magunia sita mwaka huu. Alikata kamba ya la kwanza mwenyewe, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota toka chini. Punje nzima, ngumu, zinagongana. Akachukua ungo akapepeta kidogo, akatazama kilichobaki kwenye ungo, akauweka chini. Halafu akaniuliza kama tumekula mchana.

Kopo lina milimita 9 tangu mwezi uanze. Mamlaka imesema vuli hii itakuwa chini ya wastani. Kaya 27 za kitongoji cha jirani zimeandikisha majina, ukaguzi wao unaanza Jumatatu, na mjukuu wa mwenyekiti ameomba kopo la pili likafungwe kule.